Mtoto Aliyerudishwa

Neno la kutafakari: Mwanzo 48:1–7, pamoja na Waefeso 1:5



Tulipoombwa kuandika neno la mwezi huu tungalipenda kuchagua jambo jepesi. Walakini lipo jambo moja lililokaa moyoni mwetu siku nyingi kama mwiba, wala hatuoni kwamba tunaweza kuhubiri vema habari nyingine mpaka tumelinena hili. Ni habari ya mtoto, na ni habari ya kosa letu sisi tunaoandika.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja tuliokuwa tukiutumikia huku mlimani, walikuwako mume na mke ambao Bwana hakuwapa mtoto. Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja. Wakakubaliana mioyoni mwao kumchukua mtoto asiye na wazazi, wakaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri ya wilaya. Afisa yule akaja nyumbani kwao, akaitazama nyumba, akauliza majirani, akauliza na sisi. Baada ya muda wakapewa mvulana wa miaka minne, wamlee kwanza kwa malezi ya kambo, ndipo waende mahakamani wamwombe awe mwana wao kabisa. Mtoto huyo alikuwa ameokotwa akiwa mchanga barazani pa zahanati, naye alikuwa hajui nyumba nyingine ila makao ya watoto.

Alikaa kwao miezi saba. Tulimwona killa Jumapili ameketi katikati yao, amevaa viatu vilivyomzidi miguu. Alijifunza kusema lugha ya kwao. Alijifunza kuwapelekea mbuzi majani. Kisha ukoo ukakutana, si kwa habari ya mtoto, bali kwa habari ya kihamba. Ndugu za mume wakasema, “Kihamba hiki babu zetu walikipanda migomba kwa mikono yao. Je, kitaingia mkononi mwa mtu ambaye hatujui damu yake?” Wakasema tena, kama watu wasemavyo, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi; na mke huyu hakuzaa, basi atajuaje?

Mume yule akaja kwetu usiku akitaka shauri. Nasi tulimpa shauri gani? Tulimwambia, “Usiivunje amani ya ukoo. Omba, na Bwana ataonyesha njia.” Maneno hayo mwaona yalivyo mazuri, na mchungaji akiyasema hapana mtu awezaye kumlaumu. Lakini hayakuwa shauri. Yalikuwa mlango wa kutokea sisi wenyewe, tusije tukagombana na wazee wale ambao wengine wao walikuwa nguzo za usharika. Baada ya majuma mawili mtoto akarudishwa makaoni. Mlezi aliyempokea alitueleza kwamba mtoto hakulia. Aliuliza neno moja tu: amekosa nini.

Ndugu, hatukuandika haya ili mmlaumu mume yule, wala ukoo wake. Tumeyaandika kwa sababu twajua ya kuwa mambo kama hayo yapo katika sharika nyingi, na kwa sababu sisi tuliokuwa na Maandiko mkononi hatukuyafungua. Basi na tuyafungue leo.

Katika Mwanzo sura ya 48 twaona Yakobo ni mzee sana, macho yake yamepungua nguvu, yu karibu na kufa. Yusufu aja kwake pamoja na wanawe wawili, Manase na Efraimu. Naye mzee ajitia nguvu, aketi kitandani, akanena neno la ajabu: watoto hao wawili waliozaliwa Misri ni wake yeye, watahesabiwa kwake sawasawa na Reubeni na Simeoni. Tazameni vema ni akina nani anaowataja. Reubeni ndiye mzaliwa wa kwanza, na Simeoni ndiye wa pili. Yakobo hawaweki vijana hawa mwisho wa mstari, karibu na mlango. Awaweka penye cheo cha wakubwa.

Mtu atasema, “Lakini hao walikuwa wajukuu wake, damu yake.” Ni kweli. Walakini fikirini mama yao alikuwa nani. Alikuwa Asenathi, binti wa kuhani wa Oni, Mmisri, binti wa nyumba iliyoabudu jua. Walizaliwa katika nchi ngeni, wakasikia lugha ngeni, na twaweza kudhani kwamba hata nguo zao zilikuwa nguo za Kimisri. Yakobo alipowaona aliuliza ni akina nani. Kama yuko mtu aliyekuwa na sababu ya kusema, “Hawa ni watu wa kando,” ni mzee huyu. Naye akawaita karibu, akawabusu, akawakumbatia.

Na neno lake halikuwa la upendo mtupu, bali lilikuwa neno la urithi. Hili ndilo tulilolipita sisi tulipokuwa tukimshauri yule mume. Yakobo alisema wazi kwamba katika urithi wao wataitwa kwa majina yao. Mkitaka kujua kama neno lile lilishikwa au lilisahauliwa, someni kitabu cha Yoshua, sura ya 16 na ya 17. Miaka mingi imepita, Yakobo na Yusufu wamekufa zamani, nchi inagawanywa kwa kura, na huko mwaona mipaka ya Efraimu na mipaka ya Manase imeandikwa kijito kwa kijito, kama vile sisi tupandavyo masale mpakani. Walipewa nchi. Hapana mzee wa Yuda aliyesimama na kusema kwamba mama yao alikuwa Mmisri. Mwaliokwisha kuhudhuria baraza la ukoo wakati wa kugawa kihamba mwajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu, nasi tumelisoma tangu utoto bila kulistaajabia.

Katika lugha yetu tendo hili huitwa kuasili. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia neno hilo mara ya kwanza alidhani twanena habari ya kuasi, akashtuka. Lakini kuasili kwatoka katika neno asili: ni kumpa mtu asili asiyokuwa nayo, awe mtu wa nyumbani tangu shina. Na ndivyo sheria ya nchi yetu inavyolifahamu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto aliyeasiliwa ahesabiwe kana kwamba alizaliwa na hao waliomwasili, katika ndoa yao halali, na katika urithi pia. Hiyo si desturi ya Wazungu iliyoletwa kutuharibia ukoo. Mwenye kusoma Mwanzo 48 ataona kwamba Yakobo alikuwa amekwisha kulitenda jambo lile lile kitandani pake.

Sasa kuna shaka ile ya damu. Twasikia watu wakisema kwamba mtoto wa kuokotwa aweza kuwa na laana ya watu asiowajua, au tabia ya wizi iliyo katika damu. Wakristo wa Kilutheri wanasema hivi, ndugu zangu, watu wanaoleta watoto wao wachanga kwenye maji ya ubatizo! Je, tunapombatiza mtoto mchanga twamwuliza alifanya nini? Yeye hajatenda jema hata moja. Hakuchagua, hakuomba, mara nyingi amelala usingizi. Na Mungu ampokea awe mwana, amwandika jina, ampa urithi wa uzima. Mtume Paulo alipotaka kuwaeleza Wakristo kazi hii ya Mungu hakutafuta mfano katika kuzaa peke yake. Alitumia neno la mahakamani, neno la kufanywa wana, katika Warumi 8, katika Wagalatia 4, na katika Waefeso 1. Watu aliowaandikia walilijua neno hilo kama sisi tunavyojua mahari. Katika sheria ya Kirumi mtu aliyeasiliwa aliiacha mamlaka ya baba wa kwanza, akaingia jina jipya, akawa mrithi kamili.

Na hata Kaisari Augusto, ambaye Luka amtaja katika habari ya kuzaliwa kwake Bwana, alikuwa mwana wa kuasiliwa. Julius Caesar alikuwa mjomba wa mama yake. Alimwandika katika wasia wake kuwa mwana, na wasia huo ulifunguliwa alipouawa katika mwaka wa 44 kabla ya Kristo. Basi amri ile ya kuandikwa watu wote ilitolewa na mwana wa kuasiliwa, na katika kuandikwa huko Yusufu seremala alikwenda Bethlehemu pamoja na Mariamu aliyekuwa na mimba isiyo yake. Mathayo atuambia kwamba Yusufu ndiye aliyempa mtoto jina lake, kama baba afanyavyo. Na kwa kuwa Yusufu ni wa mbari ya Daudi, Bwana wetu aliitwa Mwana wa Daudi. Anayesema kwamba kwa njia hii mtoto hawezi kuwa wa ukoo, na aangalie asije akamtoa na Kristo katika ukoo wa Daudi.

Basi, kwa kuwa tumenena na wanaokataa, haitupasi kuwanyamazia wanaokubali upesi mno. Wako watu wanaochukua yatima kwa mikono miwili, na kanisa huwasifu, kumbe wamechukua mtumishi asiye na mshahara. Msichana huamka kabla ya jogoo, huchota maji, hubeba mtoto mgongoni, hula baada ya wote jikoni, na watoto wa nyumba huenda shule. Akiulizwa na mgeni, mama wa nyumba hujibu, “Huyu ni mtoto wetu, tunamlea.” Hatutasema zaidi. Kila mmoja aangalie jikoni kwake.

Uovu huu hauko kwetu tu. Katika Uingereza, wakati wa vita kuu ya pili, halmashauri ya mji wa Newport ilikuwa na watoto chini ya ulinzi wake, ikawaweka katika nyumba za watu. Mmoja wao, mvulana aitwaye Dennis O'Neill, aliwekwa pamoja na ndugu yake katika shamba moja la Shropshire. Alifanyiwa ukatili, akanyimwa chakula, akafa mwezi wa Januari mwaka 1945, naye alikuwa na miaka 12. Hukumu ilipofanywa, na uchunguzi ulipofuata, ilionekana kwamba waliopaswa kwenda kumtazama hawakumtazama ipasavyo. Karatasi zilikuwako, mtu wa kuingia nyumbani na kumwangalia mtoto usoni hakuwako kwa wakati wake. Watu wa nchi ile waliona uchungu mkubwa, na kifo hicho kikawa mojawapo ya mambo yaliyosukuma kutungwa kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 1948, iliyoagiza kila halmashauri iwe na kamati ya watoto na afisa wao.

Twalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaonung'unika kwamba afisa wa ustawi wa jamii ana maswali mengi. Huuliza mnalala wapi, mnakula nini, mna ugomvi au hamna, mna afya gani. Hurudi tena na tena. Wengine huona ni dharau kwa Wakristo waaminifu. Ndugu, acheni aulize. Mtoto hana mjomba wa kumwulizia. Huyo afisa asimama mahali pa mjomba.

Na ninyi mnaotaka kujua njia ilivyo, twaieleza kwa ufupi, maana wengi wamekwama kwa kutoijua. Katika Tanzania sheria imezipa halmashauri wajibu wa kuwalinda watoto walio katika eneo lao. Basi mtu aanzie kwa afisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri yake. Asianzie kwa mkunga, wala kwa mtu wa hospitali, wala kwa mama maskini mwenye mimba. Kutoa fedha ili kupewa mtoto kwakatazwa, na mtoto aliyepatikana kwa siri hubaki bila haki yo yote. Kwa wasio ndugu wa mtoto, mmoja wa waombaji awe na miaka 25 au zaidi, na awe amemzidi mtoto umri kwa miaka 21 au zaidi. Mtoto hukaa nao kwanza kwa malezi ya kambo, kisha hupelekwa ombi Mahakama Kuu, na jaji hutazama kama jambo hili lamfaa mtoto. Hatazami kama lawafaa wazazi. Hayo ni ya pili. Lakini siku amri ile itolewapo, haifutwi kwa kikao cha ukoo. Laiti tungalimwambia haya mume yule, angalijua kwamba alikuwa amebakiza hatua chache.

Wengine huuliza, “Kwa nini tusiwaache makaoni, ambako hupewa chakula na shule?” Sisi hatuyadharau makao. Kanisa letu limeyajenga, na masista wetu wamechoka ndani yake kwa upendo. Lakini kumbukeni August Hermann Francke, mchungaji wa Kilutheri wa Halle katika Ujerumani. Katika mwaka wa 1695 alikuta katika sanduku la sadaka ya maskini thaler 4 na groschen 16, akaanza na hizo kazi ya kuwafundisha watoto maskini. Yatima wa kwanza walipoletwa kwake hakuwa na jengo. Aliwaweka katika nyumba za Wakristo waaminifu. Jumba lile kubwa la yatima, ambalo hata leo lasimama, lilikuja baadaye, watoto walipozidi nyumba zilizofunguliwa. Na Martin Luther mwenyewe, pamoja na Katharina mkewe, katika nyumba ile ya zamani ya watawa kule Wittenberg, waliwalea watoto yatima wa ndugu zao pamoja na wale waliowazaa. Makao ni mema pale ambapo hapana nyumba. Usharika wenye nyumba mia tatu ukipeleka sabuni na unga makaoni wakati wa Krismasi, kisha ukarudi ukiimba, haujamaliza kazi yake.

Neno moja zaidi kwa wale waliokwisha kuasili. Msiwafiche watoto habari zao. Wako wanaohama kijiji ili siri isitoke, na mama mmoja tulimjua aliyefunga kitambaa tumboni miezi mitano ili watu wadhani ana mimba. Twaelewa aibu iliyomsukuma, maana watu wetu humtesa mwanamke asiyezaa kwa maneno. Aibu hiyo ni yetu, si yake. Lakini siri haikai. Musa alilelewa na binti Farao akawa mwana kwake, naye alipokuwa mtu mzima alijua ndugu zake ni akina nani, akatoka kuwatazama. Esta alijua kwamba baba yake na mama yake wamekufa na kwamba Mordekai ndiye aliyemtwaa. Wala hakuacha kumtii kwa sababu alijua, hata alipokuwa malkia. Mwambieni mtoto mapema, kwa maneno ya kitoto, mkiwa mmeketi motoni, asije akaambiwa na mlevi njiani.

Sasa turudi kwa mume yule na mkewe, maana mwataka kujua.

Mwaka huu tulikwenda kwao. Tulichukua jani la sale mkononi, kama ilivyo desturi ya wazee wetu mtu aendapo kuomba msamaha, maana tuliona kwamba maneno ya mchungaji yalikuwa yamewatosha. Mke alilipokea, akaliweka mezani, asiseme kitu. Mume ndiye aliyenena kwanza. Alisema kwamba kitanda cha mtoto hakijaondolewa. Tukaenda pamoja nao kwa afisa wa ustawi wa jamii. Huyo hakutupokea kwa furaha, naye alikuwa na haki. Alisema mtoto aliyerudishwa mara moja hawezi kutolewa tena kwa machozi ya watu wazima. Aliagiza kwanza wamtembelee makaoni kila mwezi, na mtoto mwenyewe aulizwe. Wamekwenda mara nne. Mara ya kwanza alijificha. Mara ya nne aliuliza habari za mbuzi.

Afisa alitaka pia kusikia neno la ukoo, kwa kuwa huko ndiko jambo lilikoharibikia. Wazee wa ukoo watakutana Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna kahawa. Nasi tutakuwapo, na Biblia imekunjwa ukurasa penye Mwanzo 48. Twawaomba mtuombee siku hiyo, na waalimu walisomee jambo hili sharika zao.